Chatu wa Ghorofa ya Nne

Jumamosi, 4 Novemba

Nimemleta! Ndani ya foronya, foronya ndani ya boksi la keki, boksi chini ya koti langu — njia nzima ya basi kutoka Niš mpaka hapa Zaječar. Mwanamke wa kiti cha pembeni akauliza, keki gani hiyo unayoikumbatia namna hiyo? Nikamjibu, ya kokwa za jozi. Hapo hapo nikampa jina: Orah, yaani jozi. Na kweli ana rangi hiyo, kahawia yenye madoa ya dhahabu.

Chatu. Wangu mwenyewe! Ni wa ile aina ndogo ya Afrika Magharibi, mwembamba kama kifundo cha mkono wangu. Akiogopa anajikunja ngumi na kuficha kichwa katikati. Nimemtaka tangu nina miaka kumi na miwili. Sasa nina thelathini na saba.

Nilipanga kumchukua Desemba, nikishahamia Niš. Lakini Strahinja, mfugaji wake, anahamia Sweden, akaniambia wazi: leo, au msahau. Basi mwezi huu mzima atakaa hapa kwa mama. Mama hajui kuna nyoka. Hajui kuna Niš. Hajui kwamba maabara ya meno ya huko imenipa kazi, kwamba nimeshapata chumba chenye jiko na mlango wangu. Nilirudi kwake baada ya talaka, "kwa wiki chache tu". Miaka sita! Nalala kwenye kitanda nilichokuwa nikikikojolea. Mlango wa chumba hiki hauna ufunguo — baba aliuficha nilipokuwa msichana, akafa bila kusema uko wapi.

Sanduku la kioo nimelisogeza kando ya rejeta, lile bomba la ukutani la kupasha nyumba, chini ya dirisha. Pale panaunguza. Joto kumbe si kazi.

Jumapili, 5 Novemba

Ni kazi. Asubuhi kipimajoto kilisoma kumi na tisa. Kumi na tisa! Orah yuko kimya, baridi kama kijiko. Joto la jengo linatoka kwenye mtambo wa mji na usiku wanalizima. Nimekaa humu karibu maisha yangu yote, nikasahau, kwa sababu mimi nalala na soksi mbili mbili.

Nikampigia Strahinja. Akauliza nimemweka wapi. Kwenye rejeta, nikasema. Akaniuliza: "Senka, unafuga nyoka au unaumua unga?"

Na kweli ndipo mama anapoumulia unga. Ndipo tunapokausha soksi na kuotesha miche ya nyanya, ndipo nilipowekwa mimi nilipozaliwa kabla ya siku zangu, ndani ya boksi la viatu vya baba. Katika nyumba zetu, chochote kinachotaka joto hupelekwa kwenye rejeta. Na rejeta zenyewe hazina hata kitufe cha kupunguzia. Wanawasha wao, wanazima wao. Ukiungua fungua dirisha, ukiganda vaa koti.

Strahinja amenifundisha kwa simu kama mtoto wa chekechea. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Anakwenda kulifuata. Kwa hiyo upande mmoja wa sanduku uwe thelathini na mbili, upande wa pili ishirini na sita, na kila upande uwe na pa kujificha. Kazi yangu si kumpasha moto, anasema. Kazi yangu ni kumpa pa kwenda.

Mama nje ya mlango: "Unaongea na nani?"

"Kazini, mama."

"Jumapili?"

Jumanne, 7 Novemba

Mkeka wa joto umefika, na themostati yake! Mama alikuwa amekwenda sokoni kutafuta kabichi za kuchachusha pipani. Nikajifungia — yaani nikaegemeza kiti mlangoni — nikaanza.

Sanduku limetoka dirishani, limekwenda ukuta wa ndani. Mkeka wenyewe mwembamba kama karatasi ya kufungia nyama. Nimeubandika chini ya kioo, upande wa kulia tu. Ncha ya waya wa themostati nimeibana kati ya mkeka na kioo. Ndani nimetandaza maganda ya mti, gome la kujificha kulia, gome jingine kushoto, bakuli la maji. Lakini kwanza, kwa kiherehere changu, niliuchomeka mkeka moja kwa moja kwenye umeme nione kama mzima. Nikaugusa — uliniuma kidole! Na hicho ni kidole. Lingekuwa tumbo lake. Mkeka peke yake haujui kusimama, unapanda tu. Themostati ndiyo inayoushika breki. Na themostati nayo haina macho, inaamini ncha ya waya wake basi. Ncha ikisema baridi, inawasha. Ikisema moto, inazima.

Jioni upande wa kulia ukasimama thelathini na mbili, kushoto ishirini na tano na nusu. Orah akatoka gome la kushoto, taratibu, ulimi nje, akavuka sanduku lote, akaingia gome la kulia. Nilipiga makofi peke yangu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitengeneza kitu kikafanya kazi kama nilivyotaka.

Mama akaingia bila kubisha. Kiti kikaanguka. Yowe! Nilidhani jengo limepasuka. Alikimbia mpaka jikoni akapanda juu ya benchi, miaka sitini na minane, kabichi mkononi.

"Mtoe! Sasa hivi mtoe!"

"Mdogo tu, mama. Hana hata sumu."

"Hata wewe ulikuwa mdogo!"

Ameshuka benchi baada ya nusu saa. Namhurumia, kwa kweli. Alipokuwa na miaka sita, kijijini kwao chini ya mlima Rtanj, mjomba wake alimkata nyoka kwa jembe kizingitini, na kipande chenye kichwa kikaangukia miguuni pa mama. Toka siku hiyo hata mpira wa bustani hawezi kuushika.

Ijumaa, 10 Novemba

Siku tatu bila neno. Taulo chini ya mlango wangu kutwa, ili nyoka asipite kama moshi.

Leo nimerudi kazini nikakuta kisosi cha maziwa mbele ya mlango. Nikamuuliza paka wa nani. Mama akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. Ameota baba. Baba amesimama kizingitini na kofia yake ya baridi, anasema: mwacheni aingie, nje kuna umande.

"Umande," nikasema.

"Alisema umande. Sijazua mimi."

Halafu akaanza, na nikaona anakoelekea. Yule nyoka wa kwao kijijini hakuwa nyoka wa porini. Alikuwa mlinzi wa nyumba. Kila nyumba ilikuwa na wake chini ya kizingiti, wakimwekea maziwa, na hakuna aliyemgusa. Mjomba akamkata. Kabla ya mavuno babu, mkuu wa nyumba, akawa kaburini. "Sasa nyumba hii imekaa bila mlinzi tangu baba yako atuache. Na huyu amekuja mwenyewe."

"Mama, hakuja mwenyewe. Alikuja na basi."

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akapiga ishara ya msalaba upande wa mlango wangu. Kwa mbali, lakini.

Nimecheka kwenye mto mpaka nikalia. Basi afadhali. Mlinzi ni bora kuliko yowe. Chatu hanywi maziwa, lakini nani ataniuliza.

Jumatatu, 13 Novemba

Mama amefika mlangoni. Haingii, anasimama kwenye fremu na kuchungulia. Anamwita "mwenye nyumba". Leo: "Mwenye nyumba mbona halali kitandani kwake?" Nikamweleza upande wa joto na upande wa baridi, anachagua mwenyewe. Akafikiri. Akasema yeye pia chumba chake kina pande mbili, upande wake na upande wa baba, na upande mmoja haupati joto kabisa.

Nikasema nitamwongezea blanketi. Sijamwongezea. Sijamwambia habari za Niš pia. Kila jioni nakaa mezani na sentensi iko tayari mdomoni, na kila jioni ananisukumia sahani: kula, umekonda. Namlaani, halafu najilaani mwenyewe.

Na sasa ameanza na upepo! Matundu ya hewa ya sanduku yanatazamana na dirisha. Kwa hiyo promaja — upepo wa kupenya — unampiga mwenye nyumba mgongoni. Ataugua figo. Nyoka! Figo! Katika nchi hii mtu anaweza kuvuta pakiti mbili kwa siku na kunywa rakija, pombe kali, kabla ya chai, lakini dirisha na mlango vikifunguliwa pamoja, watu wanaagana. Nikamwambia bila hewa atakufa. Akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa mbishi.

Alhamisi, 16 Novemba

Slava yetu. Sikukuu ya mtakatifu wa nyumba.

Nilishinda jikoni tangu alfajiri. Kabichi za kufunga nyama, ngano ya kuchemsha na sukari, mshumaa. Wageni hawaalikwi siku hii, wanakuja tu, na mlango haufungwi. Bi Kosara wa ghorofa ya tatu alikuwa wa kwanza, kama kawaida, ili apate kiti cha kuona mlango. Mama anapita na sinia, uso umemwiva kwa furaha. Kila anayeingia anaambiwa kwa kunong'ona: nyumba hii sasa ina mlinzi. Na hawacheki! Wazee wale wanaitikia kwa kichwa. Mmoja akavua kofia.

Mchana nikaponyoka kwenda kumwangalia Orah. Kioo kizima ukungu. Sikuona kitu ndani. Nikaona matundu — yamezibwa, yote, soksi za sufu za baba zimesokomezwa moja moja kwa kijiti. Nikazichomoa. Hewa iliyotoka ilikuwa ya mvuke, kama kufunua sufuria. Kipimajoto cha upande wa kulia: arobaini na tatu.

Orah alikuwa amejibana pembe ya mbali kabisa ya kushoto, amesimama wima kwenye kioo, pua imegusa kifuniko. Anatafuta pa kwenda na hapapo. Nikamtoa. Alikuwa mlegevu. Nikachungulia nyuma ya sanduku: ncha ya waya wa themostati imechomolewa chini ya kioo, inaning'inia ukutani, kwenye baridi. Themostati masikini ilikuwa inaambiwa kuna ishirini na moja, ikawa inapasha, inapasha, inapasha.

Nilitoka na nyoka shingoni mpaka sebuleni. Wageni wote kijiko hewani.

"Nani amechomoa waya?"

Mama na sinia. "Waya ulikuwa umemkaba chini ya tumbo, maskini. Nimeuvuta kwa nyuma tu, macho nimefumba, sikumgusa."

"Na soksi?"

"Leo madirisha wazi, Senka, na mlango wazi, ile promaja yote…"

Hapo nikapasuka. Yamenitoka yote, mbele ya mshumaa, mbele ya watu. "Kila unachokipenda unakiziba pumzi! Baba ulimziba, mimi umeniziba, sasa huyu! Nahama! Unasikia? Nina kazi Niš, nina nyumba Niš, nahama tarehe mbili na nyoka wangu!"

Mama akaweka sinia chini, taratibu, akainyoosha ikae sawa na ukingo wa meza.

"Haya," akasema Bi Kosara. "Heri ya slava."

Ijumaa, 17 Novemba

Orah mzima. Ana alama nyekundu tumboni, magamba manne yamekunjamana. Strahinja anasema maji ya uvuguvugu, karatasi safi badala ya maganda, nitazame. Anasema pia nina bahati kuliko akili. Ncha ya waya nimeibandika upya kwa utepe wa fundi bomba, hata tembo hataichomoa.

Mama haongei na mimi. Anaongea na Orah. Anasimama kwenye fremu na kusema: "Mwenye nyumba, mwambie binti yangu supu iko mezani." "Mwenye nyumba, muulize kama atavaa kofia, nje theluji inakuja." Na mimi, mjinga, namjibu Orah. Mwambie sina njaa.

Nilichokisema kuhusu baba si kweli. Au ni kweli nusu. Najisikia vibaya kiasi cha kushindwa kuchonga kazini — leo nimeharibu taji mbili za meno.

Jumapili, 19 Novemba

Ametamka. Baada ya chakula, mikono juu ya kitambaa cha meza, kama hakimu.

"Nenda. Wewe mtu mzima. Sikufungi kamba. Ila yeye anabaki."

"Orah ni wangu, mama."

"Mlinzi si wa mtu. Ni wa nyumba. Anayemtoa mlinzi nje ya kizingiti anamtoa na mkuu wa nyumba, kwenye jeneza. Na mkuu wa nyumba tangu baba yako afe ni mimi." Akainuka kuosha vyombo. "Mimi nimekwambia. Wewe msomi."

Ndivyo alivyonifunga. Bila kamba! Nikimchukua Orah na akaugua homa tu, mji mzima utajua nimemuua mama. Na mimi nitajua. Siamini upuuzi huo hata chembe, na nimekaa hapa moyo unanidunda kama mwizi.

Jumatano, 22 Novemba

Amekuwa mwema. Inanitisha kuliko kununa. Anabisha mlango! Ameniuliza themostati inasomwaje, akavaa miwani, akasimama hatua moja ndani ya chumba, mara hii macho wazi. Moja. Jasho jembamba juu ya mdomo. "Thelathini na mbili. Ndiyo penyewe?" Ndiyo, mama. "Na ikishuka?" Inawasha yenyewe. "Na umeme ukikatika?" Nikamwonyesha chupa ya maji moto ya kufunga kwenye taulo na kuweka nje ya kioo, si ndani. Alikuwa anarudia maneno yangu kimya kimya, midomo inacheza.

Halafu nikashtuka — namfundisha! Namkabidhi! Nikazima taa, nikasema anataka kulala.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimemuuliza Strahinja kwa simu, naye anafunga mizigo huko: nikimwacha, itakuwaje? Atakuwa salama? Akasema chatu hajui nani anampenda. Anajua joto, maji na panya mmoja kwa wiki. Mwache, mchukue, kwake yeye sawasawa. "Swali ni wewe, Senka."

Asante sana. Mimi najua. Si mapenzi ya mnyama tu. Mume nilichaguliwa na shangazi, kazi nilitafutiwa na baba, kitanda hiki nilikikuta. Orah ni kitu cha kwanza nilichokwenda kukitafuta mwenyewe. Nikimwacha hapa, najua nitakuja kila Jumamosi kumwangalia. Halafu kila Ijumaa. Halafu mama ataumwa mguu kidogo. Halafu basi.

Na wale panya wa Orah, kabla sijasahau, mama amewaona kwenye friza, kando ya njegere. Hakupiga yowe. Amewafunga vizuri kwenye mfuko mpya.

Jumatano, 29 Novemba

Presha. Jana mchana mama alianguka kwenye kiti, akasema dunia inazunguka. Wakaja wa gari la wagonjwa, kijana mmoja mwenye haraka, akampima, akampima tena. Kama msichana wa miaka ishirini, mama, akasema. Mama akaudhika.

Bi Kosara kanikamata ngazini na ndoo yake. "Unamuua mama yako kwa ajili ya mjusi?"

"Chatu, Bi Kosara."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe hujazaa, huwezi kuelewa." Akapanda. Nilitaka kumtupia ndoo. Badala yake nikamshika mkono kwenye kona maana taa imeungua. Ndivyo nilivyo. Ndiyo maana niko hapa.

Nimemwambia mama usiku wa jana, kwa upole, kila neno nimelipima. Nitakuja. Nitakupigia kila siku. Njoo ukae nami mwezi, uone. Orah naye utamwona. Akasikiliza. Akauliza kama huko Niš madirisha yanaziba vizuri.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimefunga vitu vyote. Havikujaza hata kona. Binamu Milutin anakuja kesho asubuhi na gari la mikate.

Nimetayarisha safari ya Orah: boksi la povu nene lililoletewa samaki, nimeliosha mara tatu, matundu mawili, chupa mbili za maji ya uvuguvugu zimefungwa kwa taulo. Nimelijaribu tupu — linashika ishirini na nane kwa zaidi ya saa mbili. Inatosha kufika. Mkeka na themostati nitavitoa dakika ya mwisho ili asipoe.

Mama amenipikia pai ya jibini ya njiani. Hajasema neno la mlinzi siku mbili. Amekuja mpaka katikati ya chumba, akamtazama muda mrefu, uso mweupe. Akauliza: "Anauma?" Haumi, mama. "Akikubana?" Anajishikilia tu. Anatafuta joto.

Pengine amekubali. Naanza kuamini amekubali!

Jumamosi, 2 Desemba

Milutin yupo chini. Amepiga honi mara moja.

Nimekwenda kumtoa Orah. Hayupo. Nimeinua gome la kulia, gome la kushoto, karatasi. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, vibanio vyote viwili, kutoka nje. Nyoka hafungi kibanio nyuma yake. Nimesimama na chupa ya uvuguvugu mkononi kama mwehu. Themostati inasoma thelathini na mbili.

Mama yuko jikoni, kwenye benchi lake. Gauni la nyumbani limefungwa vifungo mpaka kooni. Hajainuka kunipa kahawa. Mama, asiyenipa kahawa! Mikono miwili ameishikilia tumboni, kama mwenye mimba. Rangi imemtoka, jasho linamshuka hadi kidevuni, macho ameyafumba. Midomo inasema kitu, sala labda.

"Mama, yuko wapi?"

"Yuko kwenye joto."

Nikadhani anakusudia rejeta. Nikapiga magoti kuchungulia chini yake. Halafu nikaona gauni, chini ya mbavu. Limesogea.

Nikasema mama, jamani, mama. Unamwogopa kuliko kifo. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Meno yanagongana. Anatetemeka mwili mzima, na hamwachii.

"Hajui kwamba ni mimi," akanong'ona bila kufumbua macho. "Eti, Senka? Anajua ni joto tu?"

"Anajua ni joto tu."

"Basi mwache kidogo. Kidogo tu."

Ningeweza kufungua vifungo. Vinne, vitano. Ningeingiza mkono taratibu chini ya mwili wake kama nilivyofundishwa, ningemtoa, boksi liko tayari. Nikakaa kando yake, nikaweka kiganja cha kulia juu ya gauni nijue kichwa chake kiko upande gani. Orah ametulia. Amejikunja. Nilichohisi kinachoruka ruka ni mama, si yeye.

Mama akaweka mkono wake juu ya wangu. Akaubana.

Honi tena. Sasa Milutin anapanda, nasikia viatu vyake ngazini, anauliza kwa sauti kama tumekufa humu. Daftari lilikuwa juu ya meza, juu ya vitu vya kubeba. Naandika kwa mkono wa kushoto.